MCHEZA KWAO HUTUNZWA: NA ACHEZAYE UGENINI JE?



Wasomaji wetu watukufu wa Jeddah na Riyadh, pamoja na ndugu ambao nakala hii huwafikia kwa mkono wa msafiri, mwezi huu tumeombwa na wazazi kadhaa tuseme neno juu ya ngumi za kulipwa. Si ajabu wakaomba. Tangu Septemba 2018, George Groves na Callum Smith walipopigana Jeddah, na zaidi tangu Desemba 2019, Andy Ruiz na Anthony Joshua walipokutana Diriyah, mchezo huu ambao zamani tuliusikia kwa mbali redioni umehamia mlangoni petu. Vijana wetu wanaujua kuliko masomo yao. Na kila pigano linapomalizika kwa pointi, mabishano yale yale huzuka majumbani: huyu kaporwa, yule kapendelewa, mgeni hana haki.

Kabla hatujaingia katika shauri hilo, liko jambo ambalo haifai kulipita kimya. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Rabita, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Makkah mwaka 1408 Hijria (1987), liliamua kwamba ngumi za aina hii, ambazo kila mmoja hukusudia kumdhuru mwenzake, haziruhusiwi katika sharia. Wapo miongoni mwetu waushikao uamuzi huo, na wapo wasiokosa hata pigano moja. Safu hii si mahali pa kutolea fatwa. Mwenye swali amwendee mwanachuoni. Sisi tutazungumzia uadilifu, kwani dhuluma ni dhuluma popote inapotendeka, na aliyedhulumiwa ulingoni ana watoto wanaomngoja nyumbani kama aliyedhulumiwa sokoni.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walisema pia kwamba mgeni ni kuku mweupe, yaani hajifichi, na kila atendalo huonekana. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza sehemu kubwa ya masaibu ya bondia anayevuka bahari kwenda kupigana kwa watu. Lakini methali hazituelezi jambo lenyewe hutendekaje, nasi tutajaribu kulieleza.

Majaji ni watatu, nao huketi pande mbalimbali za ulingo. Kila raundi, aliyeishinda hupewa pointi 10 na mwenzake 9. Aliyeangushwa kwa kawaida hupata 8. Sasa tuchukue pigano la raundi 12. Tuseme raundi nane ziko wazi kabisa: mgeni ameshinda tano na mwenyeji tatu. Zimebaki nne zilizo nusu kwa nusu, ambazo watu wawili waaminifu wangeweza kutofautiana. Jaji akimpa mwenyeji zote nne, hesabu yake itasoma 115 kwa 113, na mshindi ni mwenyeji. Mtazame jaji huyo: hakuna raundi hata moja unayoweza kumshika nayo ukasema hapa umesema uongo. Kila mara alipoona shaka, shaka ile iliangukia upande mmoja. Hivyo ndivyo upendeleo mwingi unavyofanya kazi, ulingoni na nje ya ulingo. Haupindui ukweli ulio wazi. Hukaa palipo na utata na kusubiri.

Na ni nini kinachoisukuma shaka ya jaji upande mmoja? La kwanza ni sauti. Ukumbi wenye watu elfu kumi hupiga kelele kila ngumi ya mwenyeji inapogusa hata glavu, na hunyamaza ngumi ya mgeni inapotua usoni. Jaji ni binadamu, naye husikia kabla hajapima. La pili, lililo zito zaidi, ni fedha. Desturi ya ngumi za kulipwa ni kwamba ujira wa majaji na refa, na katika mapigano ya ubingwa nauli na malazi yao pia, hutoka katika mfuko wa promota, hata kama hupitia mkononi mwa kamisheni au shirikisho. Mara nyingi promota huyo ndiye mwenye mkataba na mmoja wa wapiganaji. Mashirikisho manne makubwa, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, nayo hutoza ada kutokana na mapato ya mabondia wanaowania mikanda yao. Bingwa mwenye watazamaji wengi ni neema kwao, na bingwa asiyejulikana ni hasara.

Wanavyuoni wetu walimkataza kadhi kupokea zawadi ya mwenye shauri lililo mbele yake, wala hawakusema akatazwe yule tu aliyekusudia kupotoa hukumu. Walijua kwamba moyo huelemea bila mwenyewe kutambua. Ngumi za kulipwa zimejengwa juu ya jambo lile lile ambalo kadhi alikatazwa, na hiyo ndiyo asili ya ugonjwa. Kumtafuta jaji mwovu ni rahisi. Kuitazama kanuni inayomlisha jaji ni kazi ngumu, lakini ndiyo yenye faida.

Tuje kwenye mifano. Machi 1999, jijini New York, Lennox Lewis wa Uingereza alipigana na Mmarekani Evander Holyfield kuunganisha mikanda ya uzito wa juu. Wengi sana waliotazama waliona Lewis ameshinda kwa nafasi kubwa. Jaji mmoja alimpa Lewis, wa pili akaandika sare, na wa tatu, aliyeteuliwa na IBF, akampa Holyfield 115 kwa 113. Pigano likatangazwa sare, na wakuu wa New York wakaanza uchunguzi. Novemba mwaka huo huo wawili hao walirudiana Las Vegas, na Lewis akashinda kwa majaji wote. Mwezi huo huo mwasisi na rais wa IBF, Robert Lee, alishtakiwa katika kesi iliyohusu rushwa ya kuwapandisha mabondia katika orodha ya ubora. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa baadhi ya mashtaka, yakiwemo ya kutakatisha fedha na kukwepa kodi, na kwa mengi mengine akaonekana hana hatia. Funzo kwa mzazi ni kwamba mgeni anaweza kushindwa miezi mingi kabla ya kengele ya kwanza, mahali ambapo orodha huandikwa.

Hapa kwetu Riyadh hali ni tofauti kidogo, na inafaa kuichunguza, kwa sababu mara nyingi wapiganaji wote wawili huwa wageni. Oktoba 2023 Francis Ngannou wa Cameroon, ambaye hakuwa amepigana hata mara moja katika ngumi za kulipwa, alipanda ulingoni dhidi ya Tyson Fury wa Uingereza. Katika raundi ya tatu akamwangusha. Baada ya raundi kumi, jaji mmoja alimpa Ngannou 95 kwa 94, wa pili akampa Fury 95 kwa 94, na wa tatu akampa Fury 96 kwa 93. Ukumbi ule haukuwa nyumbani kwa Fury wala kwa Ngannou. Lakini kila mtu alijua kwamba makubaliano ya Fury kupigana na Oleksandr Usyk wa Ukraine yalikwisha kutangazwa mwezi mmoja kabla, na kwamba ushindi wa Mcameroon ungeivuruga biashara hiyo kubwa. Hatusemi majaji walinunuliwa. Hatuna ushahidi, na kumzulia mtu ni dhambi. Pigano lilikuwa la karibu, na mwenye insafu angeweza kulihesabu huku au kule. Tunasema tu kwamba hata pasipo na mwenyeji, fedha yaweza kuwa ndiyo mwenyeji, nayo haihitaji kupiga kelele.

Hata hivyo, wasomaji watukufu, tusiwe kama wale ambao kila wanaposhindwa hudai wameibiwa. Agosti 2022 Usyk alimshinda Joshua hapa Jeddah. Joshua ndiye aliyekuwa na jina kubwa zaidi sokoni, na jaji mmoja alimpa yeye 115 kwa 113. Lakini wawili wengine walimpa Usyk, 115 kwa 113 na 116 kwa 112, na haki ikasimama. Mei 2024 Usyk alimshinda Fury mjini Riyadh kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na Fury akalalamika kwamba majaji walimhurumia mwenzake kwa kuwa nchi yake iko vitani. Wakarudiana Desemba mwaka huo: majaji wote watatu waliandika 116 kwa 112, na hata kompyuta iliyowekwa kwa majaribio, ambayo hukumu yake haikuhesabiwa, ilimpa Usyk. Mwenye kudai kaonewa yampasa alete zaidi ya uchungu wake.

Na historia ya watu wetu inathibitisha kwamba mgeni huweza kushinda. Oktoba 1979 Ayub Kalule wa Uganda alikwenda Akita, nchini Japani, kumkabili bingwa Mjapani Masashi Kudo mbele ya Wajapani. Walipigana raundi zote 15, na majaji wakampa Kalule ubingwa wa dunia wa WBA. Oktoba 2016 Fatuma Zarika wa Kenya alikwenda Flint, Michigan, akamvua Mmarekani Alicia Ashley mkanda wa WBC kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Ingekuwa rahisi kumnyima, wala hakunyimwa.

Lakini kisa cha Zarika kina upande wa pili. Septemba 2018 alitetea mkanda wake Nairobi dhidi ya Yamileth Mercado wa Mexico, akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Novemba 2019 wanawake hao hao wawili walikutana tena, safari hii Mexico, na Mercado akashinda kwa pointi na kuuchukua mkanda. Kila mmoja alishinda kwao. Yawezekana hukumu zote mbili zilikuwa za haki. Mabondia hubadilika kwa mwaka mmoja. Swali tunalowaulizeni ni hili: ni wangapi kati yetu waliokuwa na shaka juu ya Nairobi kama walivyokuwa nayo juu ya Mexico?

Kisa cha Azumah Nelson wa Ghana kinatubana zaidi. Juni 1991 alipigana Las Vegas na Jeff Fenech wa Australia, na wengi waliona Fenech ameshinda. Jaji mmoja alimpa Nelson, mmoja akampa Fenech, wa tatu akaandika sare, na Mwafrika akabaki na mkanda wake. Fenech alilia miaka mingi kwamba amedhulumiwa. Mwaka 2022, baada ya miaka 31, WBC ilipitia upya pigano lile na kutamka kwamba Fenech ndiye aliyestahili ushindi. Barani kwetu ni wachache waliomsikitikia Fenech siku ile. Ilitosha kwamba aliyeponea chupuchupu alikuwa wetu. Kwa upande wake Nelson alifanya jambo la kiume: Machi 1992 alikwenda Melbourne, nchini kwa Fenech, akamshinda kwa nokauti katika raundi ya nane, na hapo hapakuwa na hesabu ya kubishania.

Kuna na aibu nyingine ya karibu zaidi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, ambayo ilikuwa ngumi za ridhaa, Mmarekani Roy Jones alimpiga Mkorea Park Si-hun ngumi 86 na kupigwa 32, kisha akatangazwa ameshindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Watatu waliompa mwenyeji walitoka Uruguay, Morocco na Uganda. Walisimamishwa kazi, ingawa uchunguzi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki uliomalizika mwaka 1997 haukupata ushahidi wa rushwa. Basi tusijidanganye kwamba upendeleo ni maradhi ya Wazungu. Mtu wa kwetu naye, akiwekwa kwenye kiti kile, huweza kuona ngumi ambazo hazikupigwa.

Katika michezo hiyo hiyo ya Seoul, Robert Wangila wa Kenya alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali na kuchukua medali ya dhahabu. Hakumwachia jaji la kuamua. Kisha akaenda Marekani kutafuta riziki katika ngumi za kulipwa. Julai 1994, mjini Las Vegas, refa alilisimamisha pigano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba limesimamishwa mapema. Muda mfupi baadaye alizimia, na siku mbili baada ya pigano akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 26. Allah ndiye ajuaye yaliyokuwa moyoni mwake usiku ule, nasi hatumsemei marehemu. Refa aliyelalamikiwa ndiye, kwa hakika, aliyekuwa akijaribu kumwokoa.

Tumemtaja kwa sababu kilio cha majaji huzungumzwa mno kama kilio cha mikanda na fedha, na gharama yake kubwa husahauliwa. Bondia anayekwenda ugenini huambiwa na kila mtu: usiwaachie majaji, mwangushe. Maneno hayo yana maana nzito. Mtu anayeiamini mizani hujilinda, huhesabu raundi zake, hurudi nyuma anapoumia. Asiyeiamini husonga mbele akiwa amechoka, hupokea ngumi tatu ili atoe moja, na hukataa kusimamishwa hata kichwa chake kinapomwomba. Mizani isiyoaminika haiibi ushindi tu. Humfukuza mgeni kutoka kwenye kinga yake. Jaji anayeandika 10 kwa 9 bila haki leo anampeleka bondia wa kesho kwenye hatari ambayo hataiona yeye.

Wako vijana katika jamii yetu wanaotamani kwenda njia hii, na wako waliobaki nyumbani, Tanga, Mombasa na Kampala, wanaotafutwa na mawakala. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikuwa hajulikani sana Ulaya alipopelekwa Birmingham Septemba 2018; alimsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili, na jina lake likaenea. Vijana wanamkumbuka yeye. Hawawakumbuki wengi wengine walioitwa kwa taarifa ya siku chache ili wawe ngazi ya kupandia mwenyeji, wakarudi na maumivu na fedha kidogo. Kwa hiyo mzazi au ndugu ambaye kijana wake ameshikilia shauri hili, na hakuweza kumzuia, basi angalau aulize kabla ya sahihi kutiwa.

Kwanza, majaji watateuliwa na nani, na wangapi kati yao hawatoki nchi ya mpinzani? Pili, mkataba wa promota umemfunga nani: mpinzani peke yake, au na kijana wetu pia, kwamba akishinda atalazimika kumpigania promota huyo huyo mapigano kadhaa kwa bei iliyopangwa leo? Tatu, taarifa ya pigano imekuja lini, na je, kuna muda wa kujiandaa na kupunguza uzito bila kuudhuru mwili? Nne, nani atasimama pembeni mwake akiwa na ujasiri wa kurusha taulo, na anaijua lugha ya refa na daktari? Tano, akiumia nani atalipa hospitali, na akifariki nani ataurudisha mwili wake kwao? Wakala anayechukizwa na maswali haya amekwisha kuyajibu.

Na kwa sisi tusio na kijana ulingoni, liko la kufanya pia. Sisi ni wageni katika nchi za watu. Tunaijua ladha ya kutazamwa kwa shaka palipo na utata, kazini na kwenye foleni za ofisi, na tunajua uzito wa mtu mmoja mwenye insafu anapotutendea sawasawa na mwenyeji. Basi watoto wetu wanapoketi kutazama pigano, tuwape karatasi na kalamu, waandike raundi moja moja kabla ya kusikia majaji wamesema nini, na sauti ya mtangazaji iwe imezimwa. Mwishoni waulizwe: ulimpa wetu raundi ambayo hakuishinda? Mtoto atakayejifunza kumnyima ndugu yake raundi ambayo si yake, huyo tumempa elimu itakayomfaa akiwa mwalimu, mfanyabiashara au kadhi.

Wanaoendesha mchezo huu nao hawakosi dawa wakitaka. Majaji walipwe kutoka mfuko usioguswa na promota, wapangwe kwa kura dakika za mwisho, hesabu zao zichapishwe raundi kwa raundi, na anayekosea mara kwa mara aondolewe. Hakuna gumu katika hayo. Nchi tunayoishi, ambayo imekusanya mapigano makubwa ya dunia na ina uwezo wa kuweka masharti, ingeweza kuwa ya kwanza kuyadai. Tunaandika hayo kwa heshima na kwa matumaini.

Mcheza kwao ataendelea kutunzwa, na hilo si baya. Watu wampende wao, wampigie makofi, wamvishe maua. Makofi ni mali ya watazamaji, wampe wamtakaye. Pointi ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe, hata akiwa mgeni asiyejuliwa na mtu ukumbini.

Wabillahi tawfiq. Tukutane mwezi ujao, inshaallah.